Embe lasingiziwa: Chanzo hasa cha majipu na dalili zake

MSIMU wa kaskazi uingiapo na maembe kuanza kuiva katika mashamba ya Waa, Kaunti ya Kwale, huja pia adha ambayo wazazi wa sehemu hizo wameizoea. Mtoto huamka na uvimbe mdogo shingoni. Siku ya pili uvimbe huwa mgumu na wenye moto, na kufikia siku ya nne hawezi kugeuza kichwa wala kustahimili kola ya sare ya shule. Kabla hajaulizwa lolote, hukumu huwa imekwisha kutolewa: amekula maembe mengi.

Waa iko kando ya barabara kuu itokayo Likoni kuelekea Lunga Lunga, karibu na Kombani ambapo njia ya kupanda mjini Kwale huchepuka. Ni nchi ya minazi, mikorosho na miembe, na haishangazi kwamba tunda linalopatikana kwa wingi miezi hiyo ndilo linalobebeshwa lawama. Hata hivyo, imani hiyo si ya Waa pekee. Imeenea katika mwambao wote na kuvuka hadi bara.

Kwa mujibu wa imani hiyo, embe lina "joto". Joto hilo huchafua damu, nayo damu ikichafuka hutafuta pa kutokea. Jipu basi huchukuliwa kuwa dirisha ambalo mwili umelifungua ili kutoa uchafu wake. Ndiyo sababu wako wanaomnywesha mgonjwa dawa ya kuharisha, na wengine humpeleka kupigwa chuku ili damu hiyo mbovu itolewe.

Maelezo hayo yamedumu kwa kuwa yamegusa ukweli katika jambo moja. Maambukizi ya ngozi hushamiri zaidi wakati wa joto na unyevu, na wakati huo ndio huohuo wa maembe. Ngowe, dodo, boribo na aina nyinginezo za Pwani hukomaa kwa wingi kati ya Novemba na Machi, miezi ya upepo wa kaskazi ambapo joto hufikia kilele chake. Mtu hutokwa na jasho mchana kutwa na usiku kucha. Nguo humgandama, ngozi ya makwapani na mapajani husuguana, harara humjaa shingoni na mgongoni. Mtoto hujikuna, na kucha zake huacha mikwaruzo ambayo jicho haliwezi kuiona.

Mikwaruzo hiyo ndiyo mlango. Embe lilikuwepo tu, kama mpita njia anayekamatwa kwa kuwa alionekana karibu na nyumba iliyoibwa.

Kuna jambo moja ambalo embe laweza kulaumiwa kwalo kwa haki. Utomvu wake, hasa ule utokao kikonyoni, huwasha na kubabua ngozi za baadhi ya watu, na huweza kuleta vipele kuzunguka midomo. Vipele hivyo si majipu. Havina usaha wala kiini, na hupona vyenyewe mtu akinawa na kuepuka utomvu huo.

Aliye nyuma ya jipu ni bakteria aitwaye stafilokokasi. Mwaka 1880, daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Scotland, Alexander Ogston, alitazama usaha wa wagonjwa wake kwa hadubini akaona viumbe vidogo vya mviringo vilivyoshikana kama vishada. Miaka miwili baadaye alivipa jina hilo, ambalo asili yake ni neno la Kigiriki la kishada cha zabibu. Mwaka 1884, Mjerumani Friedrich Rosenbach akaitenga aina ambayo ikioteshwa maabara hutoa rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo inayosababisha sehemu kubwa ya majipu duniani, iwe ni Berlin au Msambweni.

Shaka yoyote iliyobaki iliondolewa mwaka 1885 na Carl Garré, daktari wa upasuaji wa Uswisi, kwa njia ambayo leo hakuna kamati ya maadili ingeikubali. Alichukua bakteria hao waliooteshwa maabara, akajipaka mkononi mwake kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha, akasugua. Baada ya siku chache alitokwa na jipu kubwa la vichwa vingi, limezungukwa na majipu mengine madogo. Damu yake haikuwa imechafuka wala hakuwa amekula kitu kisicho cha kawaida. Kusugua kulitosha kuwasukuma bakteria ndani ya vinyweleo.

Bakteria huyu hatoki mbali. Takriban watu 3 kati ya kila 10 huishi naye puani bila kuugua, na wengine humbeba kwapani au kinenani. Anayemkuna mtoto wake, anayejigusa pua kisha akashika taulo, au anayenyolewa kwa wembe uliotumiwa na mwingine humhamisha bila kujua. Ngozi ikiwa nzima na kavu, hana la kufanya. Ikiwa imelainishwa na jasho, imekunwa au imenyolewa vibaya, huteremka kwenye kitundu cha unywele na kuanza kuzaana.

Hapo mwili hutuma chembe nyeupe za damu kupambana naye. Katika pambano hilo bakteria hufa, chembe zenyewe hufa, na nyama ya ngozi iliyo karibu hufa pia. Mabaki hayo yote ndiyo usaha. Kuzunguka mahali hapo mwili hujenga ukuta ili maradhi yasienee, na ukuta huo ndio ugumu unaosikika chini ya kidole. Usaha unapoongezeka ndani ya ukuta usiopanuka, shinikizo hupanda, na ndipo mgonjwa hulalamika kwamba jipu "linadunda" usiku.

Jipu huanza likiwa na ukubwa wa punje ya mbaazi. Huwa gumu, lenye maumivu na moto, na kwa siku chache huweza kukua hadi kukaribia yai. Kisha katikati hulainika na kichwa cha manjano au cheupe hutokea. Likiiva hupasuka lenyewe, usaha hutoka pamoja na kiini, na maumivu hupungua mara moja. Safari yote hiyo huchukua kati ya wiki moja na tatu. Hupenda kutokea mahali penye nywele, jasho na msuguano: shingoni, usoni, kwapani, mapajani na matakoni.

Vitabu vingi vya tiba husema kwamba jipu huwa jekundu. Vitabu hivyo viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani wazi. Mahali hapo huwa peusi zaidi au pa rangi ya zambarau, na pengine pasibadilike sana. Anayengoja wekundu ndipo aamini kwamba mtoto wake ana jipu atachelewa. Mgongo wa mkono huutambua moto wa jipu kabla jicho halijaona chochote.

Wakati mwingine vinyweleo kadhaa jirani huambukizwa pamoja na majipu kuungana chini ya ngozi, yakawa jipu moja pana lenye vichwa vingi. Hili hutokea zaidi kisogoni na mgongoni, na huwapata zaidi watu wazima, hasa wenye kisukari. Huja na homa na uchovu, na huacha kovu. Lisitibiwe nyumbani.

Lipo pia jipu lisiloonekana kabisa. Katika nchi za joto, Afrika Mashariki ikiwemo, bakteria huyuhuyu huweza kujenga usaha ndani ya msuli, mara nyingi wa paja au wa tako. Juu ya ngozi hakuna kichwa wala uvimbe wa kuonyeshana. Kinachoonekana ni mtoto au kijana aliyeanza kuchechemea, ana homa, na msuli wake ni mgumu kama ubao na wenye maumivu. Katika sehemu yenye malaria, homa hiyo hupewa dawa za malaria kwanza, na siku zikapita. Homa inayoambatana na maumivu ya mahali pamoja tu yahitaji mkono wa daktari pamoja na kipimo cha malaria.

Si kila kivimbe chenye usaha, hata hivyo, ni jipu. Chokea, kile kivimbe cha ukingo wa kope, ni ndugu wa jipu kwa kuwa husababishwa na bakteria yuleyule, lakini hakitumbuliwi na kwa kawaida hupona kwa kukandwa na maji ya uvuguvugu. Mtoki ni tezi iliyovimba kinenani kwa sababu ya kidonda au maambukizi yaliyo mguuni au sehemu za siri. Anayeuona apaswa kutafuta chanzo kule chini, si kulikanda tezi peke yake. Funza, ambaye vijiji vingi vya Pwani bado vinamjua vizuri mno, huacha kivimbe chenye doa jeusi, na karibu kila mara ni kwenye vidole na nyayo.

Anayedanganya watu zaidi ni buu wa inzi ambaye, kwa mzaha wa majina, Wazungu walimwita inzi wa maembe. Inzi huyu hupatikana sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Hapendi jua kali. Hutaga mayai yake, kati ya 100 na 300, kwenye mchanga ulio kivulini wenye harufu ya mkojo au jasho, au kwenye nguo zilizoanikwa kivulini zikiwa bado mbichi. Baada ya siku moja hadi tatu mayai huanguliwa, na buu mdogo huweza kungoja kwa takriban wiki mbili hadi aguse ngozi yenye joto. Huingia bila mwenyewe kuhisi.

Ndani ya siku chache huonekana uvimbe kama jipu kiunoni, mgongoni au matakoni, mahali ambapo nguo hugusa ngozi. Tofauti yake ni ndogo lakini haikosekani kwa anayetazama vizuri. Katikati pana kitundu kinachotoa majimaji badala ya kichwa cha usaha, kwa sababu buu ahitaji hewa. Mgonjwa huhisi kuwashwa na kuchomwachomwa, na wakati mwingine huona kitu kikicheza ndani. Huwa vingi kwa pamoja, na katika nyumba moja huweza kuwapata watoto wawili watatu waliovaa nguo za kamba moja.

Uvimbe huo haupaswi kupasuliwa kwa wembe wala kubinywa kwa nguvu, kwani buu akipasuka ndani mwili huzidi kuvimba. Kitundu hufunikwa kwa mafuta mazito ya kujipaka ili buu akose hewa. Baada ya saa kadhaa huchomoza, na hapo hutolewa taratibu kwa kubonyeza pembeni. Akikataa kutoka, zahanati itamtoa. Asipotolewa, hukua kwa siku 8 hadi 12 kisha hutoka mwenyewe na kuanguka mchangani.

Kinga yake ni ya nyumbani na haina gharama kubwa. Nguo zianikwe juani, zisitandazwe majanini wala mchangani, zikauke kabisa. Kisha zipigwe pasi, hata ile ya makaa, pande zote mbili, hasa kwenye mishono na mikanda ya kiuno. Nepi za mtoto na leso za kumbebea zisisahauliwe. Bibi wa zamani aliyekataa kumvisha mjukuu nguo isiyopigwa pasi hakuwa mtu wa madaha tu.

Tukirudi kwenye jipu lenyewe, swali linaloulizwa kuliko yote ni kama linafaa kutumbuliwa. Lugha yenyewe imelipendelea jibu la ndiyo. Rais John Magufuli alipoingia madarakani nchini Tanzania Novemba 2015 na kuanza kuwafuta kazi maafisa wazembe na wala rushwa, nchi nzima ilishangilia "kutumbua majipu", na msemo huo ukavuka mpaka hadi kwenye magazeti ya Kenya. Katika siasa maneno hayo yalipendeza. Katika mwili huua watu.

Ukuta ule uliojengwa na mwili hauna nguvu sawa pande zote. Vidole vinapobinya jipu ambalo halijaiva, usaha hautoki juu peke yake. Sehemu yake husukumwa chini, ukavunja ukuta na kuingia kwenye nyama ya ndani na hata kwenye mishipa ya damu. Bakteria akishaingia kwenye damu huweza kufika kwenye mifupa, maungio, mapafu na vali za moyo. Mahali pa hatari zaidi ni usoni, kuanzia juu ya pua hadi pembe mbili za mdomo. Mishipa ya damu ya hapo huungana na ile iliyo chini ya ubongo, na jipu la pua au la mdomo wa juu lililobinywa limewahi kuwafikisha watu kaburini.

Uzito wa bakteria kwenye damu unajulikana Pwani kuliko sehemu nyingi za Afrika. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Kilifi kati ya 1998 na 2002, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba takriban robo ya vifo vya watoto waliolazwa hapo vilihusiana na bakteria walioingia kwenye damu. Si wote walioanzia kwenye ngozi, na bakteria waliohusika walikuwa wa aina nyingi. Lakini takwimu hiyo yaeleza kwa nini muuguzi hukunja uso aonapo mtoto mwenye homa na jipu lililobinywa.

Kinachosaidia ni joto na subira. Kitambaa safi huchovywa katika maji ya moto yanayostahimilika, hukamuliwa, kisha huwekwa juu ya jipu kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Joto huongeza mtiririko wa damu, hupunguza maumivu na kuliharakisha jipu kuiva. Wanaoweka jani la mbono lililopashwa moto wanafanya jambo lilelile kwa njia nyingine: joto la jani ndilo linalotibu, mradi jani liwe safi na ngozi isiwe imepasuka. Likishapasuka lenyewe, husafishwa kwa maji na sabuni, hufunikwa kwa bandeji au kitambaa safi kinachobadilishwa kila siku, na mikono huoshwa kabla na baada. Kidonda kisipakwe majivu wala kinyesi cha mnyama, kwani humo hukaa viini vya pepopunda.

Mwarobaini wahitaji neno lake. Karibu kila boma la Waa lina mti huo au jirani aliye nao, na sifa zake zimejaa kinywani mwa kila mtu tangu ulipoletwa kutoka Bara Hindi. Watafiti wameujaribu Pwani ya Kenya, mafuta yake yakichanganywa na ya nazi, katika kutibu funza. Kuoga maji ya majani yake kwa ajili ya harara hakujamdhuru mtu mzima. Ila kumnywesha mtoto mchanga mafuta ya mwarobaini ni hatari. Yamewahi kuwaletea watoto degedege.

Wapo pia wanaoamini kwamba kujitosa baharini hukausha majipu kwa sababu ya chumvi. Stafilokokasi ni miongoni mwa bakteria wanaostahimili chumvi kuliko wengine. Maabara humtenga na wenzake kwa kumwotesha kwenye chakula chenye chumvi ya asilimia 7.5, ambapo wengi wa wenzake hushindwa kuota. Maji ya bahari yana takriban asilimia 3.5. Kwake hayo ni maji ya kuogea.

Dawa za dukani nazo huleta hasara ya kimyakimya. Mtu huona jipu, hununua vidonge vichache vya amoksilini, humeza siku mbili, jipu likapasuka kwa wakati wake, na sifa zikaenda kwa vidonge. Usaha hauna mishipa ya damu, kwa hiyo dawa inayosafiri kwa damu haifiki katikati yake ipasavyo. Jipu kubwa hutibiwa kwa kupasuliwa na mhudumu wa afya kwa kisu kisafi, usaha ukatolewa wote. Viuavijasumu huongezwa pale panapokuwa na homa, jipu kubwa, ngozi ya pembeni iliyoambukizwa, au mgonjwa mwenye kinga dhaifu.

Tena, amoksilini ni ya ukoo wa penisilini, na ukoo huo una historia chungu na bakteria huyu. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928 kwa kuona kuvu ikiua stafilokokasi kwenye sahani yake ya maabara. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo huko Oxford mwaka 1941 alikuwa polisi, Albert Alexander, ambaye uso wake ulikuwa umejaa usaha. Alianza kupata nafuu. Dawa ikaisha, naye akafariki. Haikupita muda mrefu kabla ya kupatikana stafilokokasi wenye kimeng'enya cha kuivunja penisilini, na leo walio wengi wanacho. Amoksilini ikitumiwa peke yake huvunjwa vivyo hivyo. Ndiyo sababu daktari huandika dawa nyingine, kama flukloksasilini, na wako stafilokokasi ambao hata hiyo haiwawezi.

Swali linalopuuzwa kuliko yote ni kwa nini majipu hurudi. Kijana anayepata jipu moja kwa mwaka hana la kuhofia. Anayetokwa na jingine kabla la kwanza halijapona, miezi nenda miezi rudi, ana moja kati ya mambo machache. Huenda bakteria amefanya makao puani mwake, au kwa mtu anayelala naye kitanda kimoja, na daktari aweza kumpa mafuta maalumu ya kupaka puani. Huenda kinga yake imepungua kwa sababu ya VVU, utapiamlo au dawa fulani. Au huenda ana kisukari na hajui.

Hili la mwisho ndilo linalosikitisha, maana mara nyingi jipu huwa limetoa taarifa mapema na likapuuzwa. Sukari ikizidi kwenye damu, chembe nyeupe hupoteza uwezo wake wa kupambana, vidonda huchelewa kufunga, na majipu huja kwa zamu. Mtu mzima wa miaka 45 anayetokwa na majipu mfululizo, anayeamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo na kuhisi kiu isiyokatika, huambiwa na jamaa aache maembe na apigwe chuku. Miaka hupita. Aendapo hospitalini hatimaye, huwa ni kwa sababu ya kidonda cha mguu.

Yuko mwingine ambaye majipu yake hurudi palepale, kwapani na kinenani, yakaacha makovu na vijitundu visivyofunga. Huo ni ugonjwa mwingine wa ngozi, hauambukizi na hautokani na uchafu. Karl Marx alisumbuliwa na majipu miaka mingi akiwa London, na mwaka 2007 daktari wa ngozi Sam Shuster alitoa hoja kwamba maelezo yaliyomo katika barua zake yalilingana na ugonjwa huo. Mgonjwa wa namna hii ahitaji daktari wa ngozi, si kuaibishwa kwamba haogi.

Kuoga kwenyewe si jambo la amri tu. Sehemu kubwa ya ukanda huu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na visima vilivyo karibu na bahari huwa na maji ya chumvi yasiyotoa povu la sabuni. Katika miaka ya 1980 Kwale ilikuwa mojawapo ya sehemu ambako pampu ya mkono ya Afridev ilijaribiwa kabla ya kuenea nchi nyingi, na visima hivyo viliwapunguzia wengi mwendo wa kutafuta maji. Hata hivyo, mahali ambapo mtungi mmoja wapikiwa, wanywewa na kuoshewa vyombo, anayehimiza watoto saba waoge kila jioni kwa sabuni awe pia tayari kuuliza maji yatatoka wapi.

Yale yasiyohitaji maji mengi yaanze kwanza. Mwenye jipu awe na taulo na leso yake peke yake, asilale kwenye mto wa mwenzake, na jipu lifunikwe. Wembe usipokezanwe. Anayenyolewa kinyozini adai mashine isafishwe kwa spiriti. Kucha za watoto zikatwe. Shuka na foronya za mgonjwa zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Jipu lipelekwe kwa mhudumu wa afya bila kungoja likiwa usoni au kwenye uti wa mgongo, likiwa na vichwa vingi, likiambatana na homa au kutetemeka, likiwa kwenye titi la mama anayenyonyesha, likimpata mtoto mchanga, au likikaa wiki mbili bila kupona. Vivyo hivyo ikiwa mistari inaonekana ikipanda kutoka kwenye jipu kuelekea mwilini, na mgonjwa akiwa na kisukari au VVU. Wa Waa ana zahanati za karibu, na hali ikizidi kuna hospitali mjini Kwale, kwa kupandia Kombani, na ile ya rufaa ya kaunti huko Msambweni.

Na yule ambaye majipu yake hayaishi aombe kupimwa sukari siku hiyohiyo. Ni tone moja la damu kutoka kidoleni, na jibu hupatikana kabla hajainuka kitini. Akikutwa na kisukari, hapo ndipo atakapoambiwa apunguze maembe, kwa sababu ya sukari iliyomo; na majipu yake yataanza kupungua sukari itakaposhuka.